Tela la futi 40 la foreksi (1/24) linashuka katikati. Chanzo ni nini?

#1 Tela40
Wakuu salaam. Moja kwa moja kwenye mada. Nina tela la mfano (modeli) la skeletoni, yaani fremu tupu ya kubebea kontena, la futi 40, skeli 1/24, chasi yote ya foreksi (shiti za PVC zenye povu). Mihimili miwili mikuu, kila mmoja urefu 500 mm. Ukuta ni foreksi ya 2 mm yenye kimo cha 20 mm, mbele kwenye shingo unapungua mpaka 7 mm. Mbawa za juu na chini ni foreksi ya 1 mm, upana 5.5 mm. Nimelaza spoku za baiskeli kwenye kona ya ndani ili kukaza. Krosimemba (vipande vya kukatiza kati ya mihimili) tisa, ekseli tatu zenye nafasi ya 54.5 mm. Gundi ni supa glu mwanzo mwisho, kisha praima ya magari na rangi nyeusi ya kopo.

Likiwa tupu lilikaa sawa juu ya kioo. Baada ya kubeba kontena kwa muda, katikati limeshuka 3 mm na kontena likitolewa halirudi lote. Kosa ni foreksi, gundi au mpangilio?

#2 Turubai
Siti ya mbele hapa. Ngoja wataalamu waje.

#3 Mzee wa Gerezani
Foreksi ni PVC iliyojazwa mapovu. Nyepesi, inakatika kwa wembe, lakini ukiibebesha mzigo muda mrefu inalegea polepole hata kama mzigo ni mdogo. PVC inalainika kabisa kwenye nyuzi 80 hivi, ila kulegea chini ya mzigo kunaanza mapema sana, na chumba cha bati mchana wa Februari mnakijua wenyewe.

Kontena lako ni la unene gani? Kama ni 2 mm piga hesabu: futi 40 kwa 1/24 ni karibu sm za mraba 2,350 za shiti. Zidisha kwa 0.2, ni sm za ujazo 470. Foreksi ina gramu 0.5 hadi 0.6 kwa kila sm ya ujazo. Umebebesha robo kilo. Tengeneza kontena la 1 mm lenye mbavu ndani, mzigo unabaki nusu.

#4 Turubai
Robo kilo? Limezidisha hilo. Mizani ya malori ya Vigwaza usingepita 😂

#5 Nusu Milimita
Kabla ya kulaumu foreksi, tuambie limepindaje, maana kuna kupinda kwa aina tatu na kila moja ina chanzo chake.

Liweke juu ya kioo bila matairi. Kama kona mbili zinazokabiliana zimeinuka, limejinyonga, na hapo krosimemba zako hazina mraba au hazilingani urefu. Kama limepinda kushoto au kulia ukitazama kutoka juu, mhimili mmoja umevutwa na gundi au rangi. Kama limeshuka tu, mihimili yote sawasawa, ndiyo tuzungumze mzigo. Tumia kioo cha dirisha. Meza ya mbao inadanganya.

#6 Tela40
Asante mkuu. Kona zote nne zimegusa, pembeni halijapinda. Limeshuka tu. Ila kilele cha kushuka hakipo katikati kabisa, kiko mbele kidogo, kama 190 mm kutoka mwanzo wa shingo. Kontena ni 2 mm, Mzee wa Gerezani umepatia.

#7 Dada Stika
Mie nakata foreksi za mabango kila siku, niongeze jambo. Shiti ni 1220 kwa 2440. Maduka mengi yanaziegemeza ukutani zikiwa zimesimama, kwa hiyo ile ya 1 na 2 mm mnayouziwa Kariakoo ina tumbo tayari. Ukikata vipande vyote upande mmoja na kuvipanga bila kuvigeuza, tumbo zote zinaelekea sehemu moja. Ukuta umesimama wima hauna shida, lakini mbawa ya juu na ya chini zikiwa na tumbo linalotazama chini zinavuta chasi nzima. Weka alama ya kalamu upande mmoja wa shiti kabla ya kukata, halafu mbawa ya chini igeuze.

Na wembe ukichoka unakandamiza badala ya kukata, ukingo unabonyea, gundi inashika hewa. Pitisha mara nne au tano kwa mkono mwepesi.

#8 Kisiwani
Mnazunguka bure. Ni unyevu wa Dar. Kila kitu kinajipinda huku pwani, hata milango.

#9 Nusu Milimita
#8 mlango ni mbao, mbao inakunywa maji. PVC hainywi kiasi cha kupinda. Angekuwa ametumia kadibodi au emdiefu ningekuelewa. Unyevu unaathiri kitu kimoja tu hapa: supa glu, maana ndiyo inayoigandisha. Hewa ikiwa nzito inakauka haraka kabla hujapanga vizuri, na inaacha ule ukungu mweupe kwenye vioo.

#10 Kisiwani
Sawa. Ila krosimemba zake hajasema ni za nini.

#11 Tela40
Foreksi pia, 3 mm.

#12 Kisiwani
Basi nimekaa kwa kutulia.

#13 Difu Mbili
Hivi mmepita tu hiyo namba ya 500 mm? Kontena la futi 40 ni mita 12.192. Kwa 1/24 ni 508 mm, na skeletoni yenyewe huwa inazidi kontena kidogo. Chasi ya 500 hiyo ni ya skeli gani, mkuu? Kontena lako lina urefu gani?

#14 Tela40
488 mm. Ramani niliichukua mtandaoni.

#15 Difu Mbili
Nilijua. 12,192 gawa kwa 25 ni 487.7. Kontena lako ni 1/25, tela lako halipo kwenye 24 wala 25. Wamarekani wa AMT wanatoa modeli za malori za 1/25, Italeri ya Italia ni 1/24, ramani nyingi za bure zinafuata Wamarekani. Tofauti ni asilimia 4, kwenye bampa huioni, kwenye futi 40 ni sm 2.

Na hili siyo la urembo tu. Kwenye gari lenyewe kontena linashikwa na kufuli nne za kona. Matundu ya kona ya futi 40 yana mita 11.985 kutoka kati hadi kati, yaani 499.4 mm kwa 1/24. Kontena lako fupi halifiki kwenye kufuli, sivyo? Limekaa kwenye krosimemba za katikati. Uzito wote uko tumboni badala ya kuwa shingoni na juu ya ekseli.

#16 Tela40
Duh. Kweli, kufuli nilizibandika tu kwa muonekano, kontena limekaa juu ya krosimemba.

#17 Turubai
Uzi umeshapata mshindi?

#18 Mkerezaji
Bado. Robo kilo iliyosambaa kwenye mihimili miwili ya kimo cha 20 mm haitoshi kuleta 3 mm kama mihimili iko sawa. Ugumu wa mhimili unapanda kwa kipeo cha tatu cha kimo: ukizidisha kimo mara mbili, ugumu ni mara nane. Sasa angalia alipoandika shingo ya 7 mm. Kutoka 20 kwenda 7, ugumu umebaki kama asilimia 4. Pale ndipo linapokunjika, na kwa kuwa mbele linashikwa na kingi pini (pini ya kuungia tela kwenye lori), kukunjika kidogo kwa shingo kunaonekana kama tumbo lote limeshuka. Ndiyo maana kilele chake kiko mbele.

Badilisha shingo tu. Ukuta wa shingo weka bamba la shaba au alumini la 1 mm, liingie nyuma ndani ya mhimili walau 60 mm, lishikwe na araldaiti (gundi ya epoksi) na vipini viwili vya pini ya ofisini vilivyopita upande hadi upande. Tundu la kingi pini usitoboe kwenye foreksi tupu. Kingi pini ya inchi 2 kwa 1/24 ni 2.1 mm, msumari mdogo unatosha.

#19 Mzee wa Gerezani
#18 hesabu nakubali, lakini 7 mm ndiyo kimo cha shingo ya kweli, hata ungeweka 6 tu isingekuwa kosa. Tela halisi lina shingo nyembamba na halikunjiki kwa sababu ni chuma. Kwa hiyo tumerudi kwenye foreksi.

#20 Spana 13
Mimi nauliza spoku. Zipo kona ya juu au ya chini? Na umezipata wapi spoku za 500 mm? Za baiskeli ya inchi 28 ni kama 300 tu.

#21 Tela40
Kona ya juu tu, ili zisionekane ukitazama kwa chini. Ni vipande viwili viwili, vimekutana katikati ya mhimili.

#22 Spana 13
Hapo ndipo penye mambo. PVC inatanuka kwa joto zaidi ya chuma mara tano au zaidi. Urefu wa 500 mm ukipanda nyuzi 20, foreksi inaongezeka 0.65 mm hivi, chuma 0.12. Umefunga chuma juu peke yake. Chini kunatanuka kwa uhuru, juu kumeshikwa, chasi inajikunja kuelekea chini. Nimepiga hesabu ya haraka kwa kimo cha 20: inakaribia milimita 2 bila kontena lolote. Rangi nyeusi inaongeza kama gari linakaa karibu na dirisha.

Ungeziweka chini tu, lingepanda mgongo. Weka juu na chini, au usiweke kabisa.

#23 Nusu Milimita
Mkuu #22 kama ni joto basi usiku lingenyooka. Amesema halirudi.

#24 Spana 13
Amesema halirudi *lote*. Soma vizuri.

#25 Mkerezaji
Na spoku zimeungana katikati bila kiungo. Pale katikati ni sawa na hakuna spoku.

#26 Fundi Tangi
Wote mmeisahau gundi. Foreksi ina ngozi ngumu juu na chini, katikati ni povu. Ukisimamisha ukuta na kubandika mbawa, unaunganisha ukingo wa povu na ngozi. Supa glu inakamata povu juu juu, inakuwa kama kioo, chasi ikitingishika inapasuka nyufa za unywele usizoziona chini ya rangi. Mbawa ikiachia, ukuta unabaki peke yake na hapo kimo cha 20 kwa unene wa 2 hakina msaada.

Jaribu hivi: pitisha ncha ya kisu taratibu kwenye kiungo cha mbawa ya chini, ukiibinya kidogo. Ikifunguka mdomo, jibu unalo. Dawa yake ni gundi ya mabomba ya PVC, ile ya mafundi maji, lakini kwa brashi namba 0, tone dogo, maana ukizidisha povu linavimba kisha linabonyea. Acha usiku mzima ukiwa umebanwa kati ya vipande viwili vya alumini ya madirisha.

Angalizo: gundi hiyo isiguse kebini ya modeli ya boksi ya Italeri. Ile ni polistirini, itayeyuka mbele ya macho yako. Foreksi kwa polistirini tumia araldaiti au skrubu.

#27 Dada Stika
Naunga mkono #26. Na tafadhali msiende kuomba mkatiwe foreksi kwa leza. PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi, inakula mashine na mapafu ya fundi. Akikubali, huyo hajui kazi. Sema unataka mashine ya kuchonga kwa biti.

#28 Kijana wa Tabata
Shikamooni wakubwa. Samahani kuingilia, nina modeli ya Scania 143 ya Italeri ya difu moja (ekseli moja ya nyuma inayosukuma), nataka iwe difu mbili kama zile za Kurasini. Nianzie wapi?

#29 Difu Mbili
Marahaba. Anzia kwenye chasi, kebini iache ya mwisho. Fremu ya Scania kwa nje ni 770 mm, kwa 1/24 ni 32 mm. Kimo chake 270, kwa hiyo 11.25 mm, mbawa 3.75 mm. Nafasi ya difu kwa difu ni 1350, ni 56.25 mm. Tairi la 315/80R22.5 lina kipenyo cha 1,075, yaani 44.8 mm. Toa, unabaki na uwazi wa 11.5 mm kati ya matairi. Ukiona matairi yanakaribia kugusana umekosea, na ukiona ngumi inapita umekosea pia.

Kosa la wengi ni kunakili difu moja mara mbili. Difu ya mbele siyo sawa na ya nyuma: ya mbele ina nyumba ya gia iliyoinuka, propela inaingilia mbele na nyingine fupi inatokea nyuma kwenda difu ya pili. Propela tumia mrija wa 5 mm wenye kijiti cha mshikaki ndani. Ukitaka injini ya 113, kumbuka 143 ni V8 ya lita 14 na 113 ni sita za mstari za lita 11, kwa hiyo huwezi kubadilisha namba ya mbele tu halafu ukafungua kebini mbele ya watu.

#30 Spana 13
Springi usizisahau. Kadi yoyote ya plastiki ya benki au fremu ya laini ya simu ni 0.76 mm, kwa 1/24 ni 18 mm, inafaa kwa jani la springi. Kata vipande vya upana 4 mm, jani kuu 65 mm, yanayofuata punguza 7 mm kila moja. Yaloweke kwenye maji ya moto, yafunge kwenye chupa kwa mpira mpaka yapoe. Yubolti ni waya wa stepla.

#31 Mkerezaji
Sindano za hospitali mpya kabisa, siyo zilizotumika: geji 18 (18G) ina 1.27 mm kwa nje, 21G ina 0.82. Moja inaingia ndani ya nyingine, una shokapu inayocheza. Ncha isage kwanza kwenye jiwe.

#32 Kijana wa Tabata
Asanteni sana. Matairi je? Ya kwenye boksi yamekuwa kama yana mafuta na rimu zimeliwa.

#33 Fundi Tangi
Hiyo ni kawaida kwa tairi laini za vinili. Kilainishi chake kinatoka na kuyeyusha polistirini ya rimu. Rimu ipige rangi kamili, kisha zungushia ukanda wa karatasi ya alumini ya jikoni kabla ya kuvisha tairi. Iliyokwisha kuliwa jaza pati, piga msasa 400 halafu 800.

#34 Turubai
Ndala je? Zamani magari yote ya mtaani yalitembea na ndala.

#35 Mzee wa Gerezani
Kwa 1/14 ndala inafaa sana. Tairi la modeli za Tamiya ni kama 83 mm. Kata duara, toboa katikati, bana kwenye boliti ya 6 mm na washa mbili, washa drili, sogeza msasa 120 halafu 240. Kwa 44.8 mm povu lake ni kubwa mno, kashata za tairi zinameguka.

#36 Mkerezaji
Zinameguka kwa sababu unachonga zikiwa na joto. Ndala ikae kwenye friza kwanza, hata 45 mm inatoka safi.

#37 Mzee wa Gerezani
Friza ya nani hiyo unayoweka ndala 😂

#38 Tela40
Nimerudi na majibu. Kontena nimelitoa. Asubuhi chasi imeshuka 1.5 mm, saa nane mchana 2.5 mm, usiku imerudi 1.5. Kisu nimekipitisha: mbawa ya chini upande wa kulia imefunguka kama sm 6, kushoto imeshika. Hata hivyo pande zote mbili zimeshuka sawa.

#39 Spana 13
Milimita 1 inayokwenda na kurudi ni joto. Spoku.

#40 Mzee wa Gerezani
Na 1.5 isiyorudi ni foreksi iliyolegea.

#41 Fundi Tangi
Sm 6 zimefunguka wapi, mbele au nyuma?

#42 Tela40
Mbele, inaanzia pale shingo inapoanza.

#43 Mkerezaji
Kama nilivyosema.

#44 Fundi Tangi
Kama *nilivyosema*. Shingo haikunjiki mpaka gundi iachie.

#45 Nusu Milimita
Ingekuwa gundi, kulia kungeshuka zaidi ya kushoto. Krosimemba tisa za 3 mm zinaweza kuwa zinagawana, lakini siyo sawasawa kiasi hicho.

#46 Difu Mbili
Mkuu usikarabati hilo. Jenga jipya la 512 mm, uanzie kwenye vipimo. Wakati wa kubandika mbawa weka kipande cha 2 mm chini ya katikati ya ukuta, ncha zibonyezwe zishuke, mbawa zigande likiwa na mgongo. Matela halisi mengi yanatoka kiwandani na mgongo hivyo hivyo, mzigo ukipanda linanyooka. Kontena litakalobebwa liwe la 508, likae kwenye kufuli.

#47 Dada Stika
Na alama ya kalamu kwenye shiti kabla ya kukata.

#48 Tela40
Nimewaelewa. Spoku safari hii juu na chini au niache kabisa?

#49 Spana 13
Juu na chini.

#50 Fundi Tangi
Acha kabisa. Ukuta uwe wa foreksi 3 mm, gundi ya mabomba.

#51 Kijana wa Tabata
Wakuu, kadi ya benki ya zamani ina chipu, ile sehemu ya chipu naikata au inafaa kwa kitu?

#52 Turubai
Hakikisha kwanza ni ya zamani.